Vidonge vya Mama Mkwe

Jabali alijua kwamba anakufa, na kilichomuudhi zaidi ni kwamba anafia chooni. Kilikuwa choo cha karakana, chembamba kama kabati, mlango wa bati usiofunga sawasawa, na nje yake mashine ya kusaga kingo za vioo inanguruma. Moyo ulimwenda mbio. Koo lilikaza, vidole vikafa ganzi, jasho likamtiririka mpaka kwenye soksi. Akashika ukuta kwa mikono miwili, akamwomba Mungu kama ni kumchukua amchukue upesi, kabla shemeji yake hajaja kugonga.

Shemeji akaja kugonga. "Vipi humo, umehamia? Tukuletee godoro?"

"Tumbo," Jabali akajibu, na sauti ikatoka nzito, imara, kama hana neno. Loo! Mtu anakata roho na bado anachunga sauti yake isitetemeke.

Hakufa. Baada ya kitambo moyo ulitulia wenyewe, akanawa uso, akatoka na kushika kazi.

Walikuwa mafundi vioo: madirisha, milango, meza, vioo vya mbele ya maduka. Jabali alikuwa amepita miaka arobaini, mabega mapana, na jina hilo alipewa na mafundi wenzake kwa sababu hakuna aliyewahi kumsikia akisema amechoka. Shemeji alikuwa mdogo wa mkewe, mwembamba, mdomo haufungi, na ndiye aliyekuwa mwenzake wa kubeba. Kioo kikubwa hubebwa na wawili, na wawili hao hawabadilishwi ovyo, maana kila mmoja ameshika roho ya mwenziwe. Kwenye ngazi, wa juu anaongoza na wa chini anabeba. Uzito karibu wote unamlalia wa chini. Jabali alikuwa wa chini siku zote. Asingekubali vingine.

Na pale karakana palikuwa na sheria. Ukishanyanyua kioo, husemi "shusha" mpaka ufike. Anayesema "shusha" njiani anaitwa Bibi Harusi wiki nzima: akiingia anapigiwa vigelegele, akikaa anapepewa kwa kipande cha boksi, akinywa chai anaulizwa bwana harusi kamwacha wapi. Kuna mwanamume mzima aliyehama karakana kwa ajili hiyo. Na aliyeitunga sheria ni nani? Jabali mwenyewe, enzi za ujana wake, siku ya kucheka tu.

Hofu ilimwingia siku kioo kilipochomoka. Walikuwa chini ya jengo la ghorofa, wenzao wanavuta kioo kwa kamba kutoka juu, na Jabali amesimama anaelekeza. Akaona futi yake ya kupimia imeanguka kando, akasogea kuiokota. Kioo kikatua pale alipokuwa amesimama. Hakikumgusa, ila vipande viliingia mpaka kwenye nywele. Kisha shemeji akasema, "Kumbe hata kioo kinamwogopa Jabali, kimengoja aondoke!" Watu wakavunjika mbavu. Jabali alicheka kuliko wote, akajipangusa, wakavuta kioo kingine. Hakuna aliyemuuliza kama yu salama, na angeulizwa angetukana.

Tangu siku hiyo mwili wake ukawa si wake. Mlango ukijibamiza, anaruka. Akiona ngazi, tumbo joto. Alfajiri anaamka shuka limelowa, anamsikiliza mkewe anavyopumua, anawaza watoto watakula nini akifa. Kwamba ni moyo hakuwa na shaka. Mwanamume aliyebeba vitu vizito maisha yake yote akifa kwa moyo, watu husimama wakasema alikuwa mtu wa kazi. Kwa kifo hicho alikuwa radhi. Alichokuwa anakiogopa ni kwamba kitamkuta ngazini, kioo mikononi na shemeji mbele yake.

Basi siku moja aliaga anakwenda kununua gundi ya vioo, akaenda hospitali.

Daktari alikuwa binti mdogo, anayeweza kuwa rika la mwanawe wa kwanza. Alimbandika nyaya kifuani, akampima damu, akampima presha mara mbili, akamsikiliza mgongoni. Kisha akavuta kiti akakaa karibu naye, jambo ambalo Jabali hakulipenda.

"Mzee wangu, moyo wako mzima. Presha yako nzuri kuliko yangu. Kuna jambo lililokutisha hivi karibuni?"

"Mimi? Hapana."

"Hakuna ajali? Msiba?"

"Kazini mambo hayakosi," alisema Jabali. "Lakini mimi si mtu wa kutishika."

Binti akatikisa kichwa taratibu, asibishane. "Unachougua ni hofu. Usidharau, ni ugonjwa kamili, unashika mwili kama ugonjwa mwingine wowote, na unatibika. Hapa tuna mshauri, anakuja Alhamisi. Ukae naye, uongee."

"Niongee nini?"

"Yaliyokupata."

Jabali alivaa shati akakosea vifungo. Angeambiwa amebakiza miezi ya kuishi, angemshukuru yule binti na kumpa mkono. Lakini hofu! Aende akawaambie nini watu? Kwamba Jabali, mume wa mtu, baba wa watoto, anaogopa kama kifaranga? Alitoka pale na hasira kwa nje, na kwa ndani hofu ileile, sasa imepewa jina.

Alipofika nyumbani mkewe alikuwa amesimama mlangoni, mikono ina povu la sabuni. "Baba watoto, jirani amekuona hospitali. Unaumwa nini?"

Alifungua mdomo. Nusura aseme, kwa kweli nusura. Alimtazama mkewe, akaona macho yalivyomtoka, na neno lililotoka likawa jingine.

"Presha."

"Mungu wangu!" Mkewe akamshika mikono yote miwili kwa povu lilelile. "Na wewe unabeba mizigo! Kaa chini. Kaa chini nasema!"

Akakaa. Na nisimsingizie mtu, alijisikia vizuri. Kwa mara ya kwanza tangu kioo kile kianguke, mtu alikuwa amemwambia akae. Habari ilienea kabla ya jioni. Majirani wakaja kumpa pole, wanaume wakatikisa vichwa kwa heshima: presha ndiyo ugonjwa wetu, mzee, haya majukumu haya. Chumvi ikaondolewa kwenye chakula. Watoto wakaambiwa wasipige kelele. Kule karakana hakuna aliyemcheka, maana presha haina Bibi Harusi. Shemeji ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema, "Kuanzia leo ngazini mimi ndiye wa chini. Wewe utakuwa juu, unaongoza."

"Huwezi uzito huo."

"Shemeji, dada yangu akiwa mjane atarudi kwetu na watoto wote na mdomo wake. Nitakosa pa kulala. Niache nibebe."

Hapo ndipo mama mkwe alipokuja, na mkoba wake.

Mama mkwe alikuwa mgonjwa wa presha wa siku nyingi, na alijivunia kuijua presha kama mtu anavyomjua jirani mkorofi. Alimkuta mkwewe ameketi, naye Jabali akateremka kitini akakaa kwenye kigoda, kama ilivyo adabu. Bibi akatoa kopo, akahesabu vidonge kwenye kiganja.

"Hospitali wamekupa dawa, mwanangu?"

"Bado, mama. Wamesema nirudi."

"Urudi lini, ukishaanguka? Mficha maradhi kilio kitamuumbua. Shika. Hivi ninavyokunywa mimi. Presha ni presha, haina ya mkwe na ya mama mkwe. Meza nikuone."

Ungefanyaje wewe? Mama mkwe amekunyooshea mkono, mkeo kasimama na glasi ya maji. Jabali alivitia mdomoni, akavibana chini ya ulimi, akashukuru kwa kuinamisha kichwa, akaenda nyuma ya nyumba akavitema kando ya pipa la maji. Siku ya pili hivyo, ya tatu hivyo. Akajiona mjanja.

Lakini njia ya mwongo ni fupi. Mkewe alikuwa anafagia nyuma ya pipa, akaviona, vingine vimeyeyuka, vingine vizima. Hakupiga kelele. Alikaa palepale kwenye sakafu ya saruji, ufagio mapajani, akalia kilio cha chini, cha mtu asiyetaka watoto wasikie.

"Unataka kuniacha mjane kwa kiburi chako?" mkewe alimwambia Jabali alipotokea. "Kumeza kidonge tu, baba watoto? Hata kwa ajili yangu?"

Hapo, jamani, hapo ndipo palipokuwa pa kusema. Mke yuko chini, watoto wako shule, hakuna mtu mwingine wa kusikia. Jabali alichuchumaa mbele yake. Alihisi maneno yamemjaa kooni: sina presha, mke wangu, naogopa. Akafikiria atakavyotazamwa. Akasema, "Nisamehe. Nitakunywa." Na kuanzia siku hiyo alimeza kwelikweli, mbele ya mkewe, dawa ya mtu mwingine, ya ugonjwa asiokuwa nao.

Haikupita siku nyingi kizunguzungu kikaanza. Akiinuka kitini, chumba kinayumba. Akiinama kuchukua kikata kioo, macho yanaingia giza. Na sasa akaogopa kweli, hofu mpya juu ya ile ya zamani, maana hii haikuwa ya kuja na kuondoka. Akaanza kujiambia kwamba yule binti wa hospitali alikosea. Watoto wale wanajua nini? Kumbe ninayo presha! Utaamini? Alifarijika. Uongo wake ulikuwa umegeuka kweli, hakuna tena cha kuungama.

Asubuhi moja aliyumba mbele ya mama mkwe mpaka akashika mlango.

"Imepanda hiyo!" mkewe akasema.

"Mwongeze kimoja," akasema mama mkwe.

Akaongezwa. Akanywa, akaenda kazini.

Kazi ya siku hiyo ilikuwa kioo cha ofisi, ghorofa ya tatu, kipana, kinene, kisichoingia kwenye lifti. Ngazi zilikuwa za marumaru, nyembamba, zenye kona. Mlinzi wa jengo alipanda nyuma yao kwa mbali, kuzuia watu wasipite. Wakafunga mikanda, wakavaa glavu, Jabali juu anapanda kinyumenyume, shemeji chini.

"Haya, Jabali, tuonyeshe njia," shemeji akasema. "Ukiona malaika wanakuita, waambie wangoje nifikishe kioo."

Wakapanda. Kupitia kwenye kioo Jabali aliuona uso wa shemeji yake waziwazi, karibu kabisa, mishipa imemsimama shingoni, na bado anatabasamu. Ghorofa ya kwanza wakapita salama. Kwenye ghorofa ya pili mikono ya Jabali ikaanza kuwa mizito. Kijasho chembamba kikamtoka. Akapepesa macho, uso wa shemeji ukawa nyuso mbili, ukarudi mmoja.

Shusha.

Neno lilikuwa mdomoni, limefika kwenye meno. Alihitaji kulisema tu. Wangekiegemeza kioo ukutani, angekaa kwenye ngazi, basi. Lakini alivisikia vigelegele, si vya kufikiria, alivisikia hasa, na akawaza: mpaka ile kona tu, nitajikaza, mpaka ile kona. Akarudisha mguu nyuma akapanda ngazi nyingine. Woga ukampanda kutoka tumboni, woga ulio wazi, wa mnyama. Akamtazama shemeji yake na kwa mara ya kwanza akamtazama bila kuficha kitu. Tabasamu la shemeji likafutika.

"Shemeji? Shemeji, vipi?"

Akajaribu kusema. Magoti yakaisha nguvu, taa zikazimika.

Yaliyofuata alisimuliwa na mlinzi. Kioo kilianza kuteleza kuelekea chini, na Jabali anakifuata, kichwa mbele. Shemeji angeweza kuruka pembeni, nafasi ilikuwepo. Lakini kioo kingevunjikia ngazini na Jabali angekiangukia kifua wazi. Kwa hiyo shemeji hakukiachia. Alikigandamiza ukutani kwa bega na mikono yote, akamwacha Jabali abingirike pembeni yake mpaka kwenye kona. Kioo kikapasuka kikiwa mikononi mwake.

Jabali alizinduka hospitali, dripu mkononi, kichwa kinauma. Hakuwa na jeraha kubwa. Mkewe alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, na mama mkwe kwenye kiti, kanga ameikunja mapajani, anatazama mlango wa chumba cha upasuaji upande wa pili wa korido. Mwanawe, yule shemeji, alikuwa mle ndani.

Akaingia daktari, yuleyule binti. Akamtambua Jabali, Jabali naye akamtambua.

"Presha yake ilishuka vibaya sana," alisema. "Amekunywa dawa gani?"

"Ya presha," akajibu mkewe.

"Kapewa na nani?"

"Na mimi," mama mkwe akasema, akafungua mkoba, akatoa kopo. "Vyangu hivi."

Daktari alisoma kopo, akalirudisha polepole. "Mama, hivi akinywa mtu asiye na presha vinaweza kumuua."

"Lakini anayo! Si ninyi mlimwambia?"

Daktari alimtazama Jabali, akangoja. Mama mkwe akalirudisha kopo mkobani. "Kwa hiyo ni mimi," alisema. "Mwanangu yuko mle kwa ajili ya vidonge vyangu. Ni mimi nimempa. Niliongeza na kimoja. Ni mimi."

Jabali alilala pale akaisikia hofu inavyokuja, ileile ya chooni, koo, vidole, moyo. Angeweza kufumba macho. Mgonjwa hahojiwi. Bibi angebeba lawama mpaka kaburini na hakuna ambaye angejua, ila binti mmoja ambaye kazi yake inamfunga mdomo. Akaliwaza hilo, akaliwaza vizuri kabisa, na likamtisha kuliko ngazi.

"Si wewe, mama," alisema, na sauti ikatetemeka, akaiacha itetemeke. "Sina presha. Sijawahi kuwa nayo. Daktari aliniambia ninaumwa hofu. Tangu kioo kile kianguke, naogopa. Naogopa ngazi, naogopa vioo, naogopa kukikucha. Niliona aibu, nikadanganya."

Hakuna aliyemkumbatia. Mama mkwe alimkodolea macho. "Hofu," alisema. "Hofu tu? Mkono wa mwanangu kwa hofu tu?" Akainuka, akaenda kukaa koridoni, peke yake.

Mkewe alikwenda dirishani akampa mgongo. "Nilikuwa naona shuka linavyolowa," alisema bila kugeuka. "Ninalifua mimi. Nilikuwa nangoja uniambie mwenyewe, nisikuvunjie heshima. Ukaniambia presha, nikaamini presha." Jabali alitamani amtukane.

Jioni, shemeji alipotolewa upasuaji na kuzinduka, Jabali aliomba apelekwe. Daktari alimweleza njiani kwamba kano za vidole zilikatika, wameziunga, lakini hakuna anayeweza kuahidi kama mkono ule utashika tena kioo. Alimkuta shemeji amelala chali, mkono wa kulia umefungwa bandeji mpaka kwenye kiwiko na kuinuliwa juu ya mto. Uso ulikuwa umekwisha rangi. Alipomwona Jabali alijitahidi kuinua kichwa.

"Shemeji," alinong'ona. "Presha yako vipi?"

Jabali akashika chuma cha kitanda. Akamwambia. Alimwambia yote akiwa amesimama, kioo, choo, hospitali, pipa la maji, kidonge cha asubuhi, neno alilolibana kwenye meno kule ghorofa ya pili. Hakuacha kitu. Shemeji alisikiliza bila mzaha hata mmoja, na huo ukimya ndio uliomwogopesha Jabali, maana hakuwahi kuusikia.

"Ungeniambia unaogopa," shemeji alisema mwishowe, "unadhani nisingekubali kuwa wa chini?"

Jabali akakiachia chuma cha kitanda.

"Ningekuwa wa chini vilevile, shemeji. Ila ningejua nikutazame." Akageuzia uso ukutani, mabega yakaanza kumtikisika. "Sivihisi," alisema. "Vidole vyangu, sivihisi. Naogopa. Naogopa sana."

Jabali hakujua kama anaruhusiwa kukaa. Alivuta kiti, akakaa, akamshika ule mkono mwingine. Wote wawili walikuwa wanatetemeka.